Kuhusu bastola ya Kicheki yenye chapa ya «fnh»

Ndugu, bastola uliyorithi, yenye maandishi «fnh» na «Pistole Modell 27 Kal. 7,65», ni vz. 27 («vz.» ni kifupi cha neno la Kicheki «vzor», yaani modeli) iliyotengenezwa Strakonice, mji wa Cheki, wakati Wajerumani walipoikalia nchi ile. Umeuliza kama itafaa risasi za 7.65 Parabellum: hapana, hata kidogo. Yake ni 7.65 Browning, ambayo Wamarekani huiita .32 ACP, yenye ganda la milimita 17 lililonyooka, ilhali ganda la Parabellum lina milimita 21 na shingo iliyobanwa. Usiichanganye pia na vz. 24, inayofanana nayo sana lakini hutumia risasi ziitwazo «milimita 9 fupi». Kabla ya kuifyatua, fundi bunduki mwenye leseni aukague mtutu na springi, maana chuma hicho ni kikongwe.