Nyota wenu huenda tayari yupo kikosini

Ndugu, unauliza kama timu yako ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani, yenye vijana wengi wazuri lakini bila nyota halisi, inaweza kuwania ubingwa, au iwatoe watatu ili impate mmoja mkubwa.

Nyota anahitajika, naamini hivyo kabisa. Zikibaki dakika mbili, ulinzi umekaza na mipango yote imeshasomwa, lazima awepo mtu wa kujitengenezea kikapu mwenyewe. Watu hutaja Detroit Pistons ya 2004, iliyoifunga Lakers ya nyota Shaquille O'Neal na Kobe Bryant kwa michezo 4–1 kwenye fainali, bila nyota mkubwa. Ni kweli, ila wale walikuwa wachezaji walioiva, wenye ulinzi wa kutisha. Vijana hawana hilo bado.

Lakini msiwatoe kwa pupa! Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Giannis Antetokounmpo alichaguliwa wa 15 mwaka 2013, Nikola Jokić wa 41 mwaka 2014. Wote wawili wakaziongoza timu zilezile walizoanza nazo NBA hadi ubingwa, 2021 na 2023. Wape vijana dakika za kutosha, hasa zile ngumu za mwisho, kwa misimu miwili hivi. Mtazame yule anayelazimisha mlinzi wa pili amfuate. Huyo msimguse.