Mpwa wangu anataka nauli akaongelee majina

SWALI: Dada habari za kazi. Naitwa Mashaka, niko Tandika. Mpwa wangu anasoma masta, juzi kaja hapa home kanywa chai mpaka chupa ikaisha ndo anasema tumchangie nauli ya Ulaya, eti kuna mkutano wa dunia nzima wa kuongelea majina. Majina tu, ya watu na ya mitaa! Upo kweli au napigwa?

JIBU: Shikamoo mjomba. Upo, tena wa siku nyingi. Ulianzia Paris 1938, aliyeuitisha Mfaransa Albert Dauzat, vita vikaukatisha wakarudi hapohapo Paris 1947, na siku hizi ni kila baada ya miaka mitatu. Wa 2020 ulikuwa uwe Krakow kule Poland, korona ikausogeza mpaka 2021 wakaufanyia mtandaoni, uliofuata ukawa Helsinki 2024. Wenyewe somo lao wanaita onomastiki, wewe sema elimu ya majina inatosha.

Na usicheke. Hiyo Kariakoo unayoshukia kila siku ni Carrier Corps, yani kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza Vita ya Kwanza, Waingereza walivyouchukua mji 1916 wakawa na kambi yao pale, watu wakalitamka kwa mdomo wao likawa hilo, na wapagazi wengi walifia njiani kwa magonjwa na njaa. Leo vijana wa mkokoteni wanakupita palepale wanakupigia kelele "mzigo huo, mzigo!" wala hawajui jina la mtaa linawasema wao.

Na wewe je, Mashaka? Hilo jina huwa halitoki hewani, kama Shida, Tabu au Sikujua. Bibi yake huyo mpwa kama yupo muulizeni mwaka unazaliwa nyumbani kulikuwa na nini, hapo kijana keshapata mada.

Sasa nauli. Hapo usikurupuke, maana mtu anatuma kwanza muhtasari wa anachotaka kusema, wakiupitisha ndo anapewa muda wake wa kuongea. Mwambie alete barua ya kukubaliwa, na aulize chuoni kwao kama kuna fungu la safari. Gharama hajakudanganya, mpaka huo wa Helsinki yote imekuwa ikiandaliwa Ulaya au Amerika ya Kaskazini, kwetu Afrika haijawahi kuja hata mara moja. Barua ikifika, mpikie chai nyingine muanze kuongelea viza.