Kabla ya Kulaumu Mbolea, Fuata Mtaro Wako

Maji ya ardhi oevu yakianza kubadilika rangi, wa kwanza kulaumiwa ni mbolea. Mbolea ina makosa yake, lakini kwa niliyoyaona miaka yote ya kulima ukingoni mwa kinamasi, swali la kwanza ni hili: maji ya shambani kwako yanaingia bondeni kwa njia gani?

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, vaa mabuti uufuate mtaro hadi unapoishia. Chota maji kwenye chupa angavu, uyaache yatulie usiku kucha. Tope litakalotua chini ndilo udongo wako wa juu, na sehemu kubwa ya fosforasi, kirutubisho kimojawapo cha mbolea, husafiri humo, imeshikamana na chembe za udongo. Nitrojeni, kirutubisho kingine cha mbolea, ina tabia nyingine. Ikishakuwa naitreti huyeyuka, na huweza kupenya chini kwa chini bila kuacha alama. Kwa hiyo chupa ikiwa safi, usishangilie mapema.

Matete yanaweza kuyatibu haya yote mawili. Hupunguza mwendo wa maji, tope likatua; na kwenye udongo ule uliolowa usio na hewa, bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi ikarudi angani. Ila kazi hiyo yataka muda. Ukichimba mtaro ulionyooka ukapasua matete hadi kwenye maji ya wazi, umeyapitisha maji mlango wa nyuma. Matete yapo, maji hayayagusi. Ndiyo maana mwenye mbolea kidogo na mtaro mbaya anaweza kuharibu kuliko jirani mwenye mifuko tele.

Ukitaka kujua hali imefikia wapi, nenda alfajiri. Mwani uliostawi kwa mbolea huvuta oksijeni usiku kucha bila kuitoa, hivyo kabla ya jua ndipo inapokuwa haba. Utawaona samaki wamejaa juu, midomo wazi, wanatweta. Ukija saa nne asubuhi huenda wameshazama, nawe utaapa kwamba mambo ni shwari.

Dawa yake? Ukatishe mtaro kabla haujafika kwenye matete, maji yatawanyike juu ya ukanda wa nyasi usiolimwa. Urea, ambayo asilimia 46 ni nitrojeni, igawe kwa awamu na uifukie. Usiitie wingu likiwa limeshafunga. Mifugo inyweshwe kwenye hori, mbali na ukingo. Na bomba la dawa lisioshewe mtaroni hata mara moja: viuatilifu vya jamii ya pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo mno.

Wengi hugoma wakisikia habari ya ukanda wa nyasi, kwa kuwa unakula shamba. Kagueni kwanza mistari inayopakana na bonde. Kwangu ndiyo iliyokuwa ikioza kwa maji kila masika, na mbegu na mbolea nilikuwa naitilia vilevile.