Maswali ya Wasomaji: Tunataka kununua gari la kulala safarini

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, pamoja na mke wangu na watoto wetu wanne. Tumepata RV (gari lenye vitanda na choo ndani) iliyotumika, ya mwaka 2014, ambayo mwenyewe anasema inalaza watu wanane, na bei yake tunaimudu. Hatujawahi kumiliki gari la namna hii. Je, tukague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Ndugu msomaji, wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hukimbilia kuchungulia injini. Si vibaya, lakini injini ina mafundi wengi. Kinachoyamaliza magari haya ni maji.

Paa lake lina matundu ya feni, ya kiyoyozi na ya bomba la hewa ya choo, na kila tundu limezibwa kwa gundi ambayo jua na baridi huikausha hadi ikapasuka. Maji yakishapenya hushuka ndani ya kuta, ambazo katika magari mengi zina fremu ya mbao, yakaziozesha kwa miaka bila mtu kuona. Kwa hiyo nendeni mkalitazame baada ya mvua, mbonyeze kwa kidole pembe za dari, kuta zilizo ndani ya makabati na sehemu zinazozunguka madirisha, panapobonyea, pameoza. Muuzaji aliyepaka rangi mpya pembe moja tu ya dari ana jambo la kuwaeleza.

Kwa kuwa mnaishi Minnesota, ulizeni pia ni nani aliyekuwa akiondoa maji kwenye mabomba kabla ya majira ya baridi, na kwa njia gani, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua mabomba na pampu. Dawa inayotiwa humo kuzuia kuganda ni ile ya rangi ya waridi iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji ya matumizi. Ile ya kawaida ya rejeta ya gari ni sumu. Mwenyewe aunganishe maji na kufungua kila bomba mbele yenu, na akisema haiwezekani kwa sababu ya baridi, subirini theluji iyeyuke.

Hao watu wanane ni hesabu ya vitanda. Ninyi mko sita, basi hesabuni mikanda ya usalama, kwani kitanda si mahali pa mtoto gari likiwa linatembea. Kisha someni kibandiko kinachoonyesha uzito wa juu kabisa wa abiria na mizigo kwa pamoja. Tangi la maji la lita 150 likijaa linaongeza kilo 150, kabla hamjapakia hata sufuria moja.

Tairi zinaweza kuonekana mpya kwa sababu gari lilikaa tu, ilhali mpira umezeeka. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi ndizo zenye ukweli: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi ya umri huo haifai kwa safari.

Pigeni hesabu ya bima, mafuta na mahali pa kuliegesha, kwa kuwa mitaa mingi hairuhusu gari kubwa namna hii kukaa mbele ya nyumba. Ningewashauri mkodishe la ukubwa huohuo kwa siku mbili au tatu kwanza. Mkilipenda, tafuteni mkaguzi wa magari haya na mmlipe wenyewe. Asiwe mtu aliyeletwa na muuzaji.