Je, ni bao moja tu lililompa Iniesta umaarufu?

SWALI: Mhariri, tangu Andrés Iniesta alipotundika daluga, nimesikia akisifiwa hata na mashabiki wa timu zilizokuwa zikifungwa na Barcelona. Kiungo huyu hakuwa mfungaji wa mabao mengi, wala hakuwahi kutwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka duniani. Je, umaarufu wake wote unatokana na lile bao la fainali ya Kombe la Dunia?

JIBU: Bao lenyewe, alilolifunga dakika ya 116 dhidi ya Uholanzi mjini Johannesburg mwaka 2010, ndilo lililoipa Hispania Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na lingetosha kumfanya akumbukwe nchini mwake. Lakini kilichowagusa wapinzani kilifuata mara tu baada ya mpira kutinga wavuni. Iniesta alivua jezi na kubaki na fulana nyeupe iliyoandikwa kwa mkono kwamba Dani Jarque yuko nao daima, kitendo kilichomponza kadi ya njano. Jarque, aliyefariki dunia ghafla Agosti 2009 akiwa na umri wa miaka 26, alikuwa nahodha wa Espanyol, watani wa jadi wa Barcelona katika jiji hilohilo. Desemba 2010 Barcelona iliichapa Espanyol mabao 5-1 ugenini, na bado Iniesta alipotolewa nje, uwanja ulisimama kumpigia makofi.

Uchezaji wake nao ulichangia. Mtoto huyu wa kijiji cha Fuentealbilla, aliyeingia La Masia, shule ya soka ya Barcelona, akiwa na umri wa miaka 12, hakutegemea nguvu wala kasi. Alimsubiri beki amkaribie kabisa, kisha akauhamisha mpira kutoka mguu mmoja hadi mwingine kwa miguso miwili ya haraka na kupita katikati ya watu, mbinu ambayo Michael Laudrup, kiungo wa zamani wa Barcelona, aliitumia kabla yake. Ukimtazama kwa makini, utaona kwamba mara nyingi beki hakupata hata nafasi ya kumchezea rafu. Novemba 2015, Barcelona iliposhinda 4-0 katika uwanja wa Santiago Bernabéu naye akafunga bao moja, baadhi ya mashabiki wa Real Madrid walimshangilia alipokuwa akitoka.

Kuhusu Ballon d'Or, mwaka 2010 alishika nafasi ya pili nyuma ya Lionel Messi, matokeo ambayo kwa maoni yetu hayakumtendea haki. Mwaka 2018 mhariri wa France Football, jarida linaloitoa tuzo hiyo, aliandika kumwomba radhi. Mwaka huohuo aliondoka Barcelona akiwa amecheza mechi 674 na kutwaa mataji manne ya Ligi ya Mabingwa. Alihamia Vissel Kobe ya Japani, kisha akamalizia soka lake Falme za Kiarabu na kustaafu Oktoba 2024.

Hata hivyo, tusikudanganye kwamba alipendwa kila mahali. Kwa Athletic Bilbao, katika uwanja wa San Mamés, alizomewa kwa miaka kadhaa, kwa sababu mashabiki waliamini kwamba beki wao, Fernando Amorebieta, alitolewa kwa kadi nyekundu isivyo halali baada ya kumkabili yeye.