Kitabu kimoja, wiki nzima

Mwaka wangu wa pili kufundisha darasa la kwanza nilikuwa na mtoto aliyezijua silabi zote. Ukimwambia aanze, anatiririka: ba, be, bi, bo, bu. Siku moja nikaweka kijiti kwenye "bo" na kumwuliza hii ni nini. Akanyamaza, kisha akaanza kunong'ona kutoka "ba" mpaka akaifikia. Kwake ile chati ilikuwa wimbo, kama zile tunazoimba mchakamchaka.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania umejikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengi wetu tunaanza na silabi. Sina ugomvi na silabi. Kiswahili kinasomeka jinsi kinavyoandikwa, na mtoto akizishika anafungua maneno mengi kwa muda mfupi. Lakini asipokutana nazo ndani ya hadithi anayoitaka, zinabaki ukutani.

Shuleni kwetu vitabu vya hadithi vilikuwepo, tena vizuri, ndani ya kabati lenye kufuli ofisini. Tuliogopa vitachanika. Nami nilikuwa miongoni mwa walioogopa, na hadi leo najuta, maana wapo watoto waliotoka mikononi mwangu bila kufunua kitabu hata kimoja cha hadithi. Siku hizi vinaning'inia darasani kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, usawa wa mkono wa mtoto. Vinachanika kweli. Tunavibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, maisha yanaendelea.

Nina watoto 84 na vitabu 11. Ninachomshauri mwalimu yeyote mwenye hali kama yangu ni kuchukua kitabu kimoja na kukaa nacho wiki nzima. Usihofu kwamba watachoka. Mtoto wa miaka sita anataka fisi atumbukie shimoni leo kama alivyotumbukia jana. Jumatatu naita "Paukwa!", wanaitika "Pakawa!", wanatazama jalada na kubashiri, kisha nasoma kwa sauti huku kidole kikipita chini ya maneno. Sisimami kila sentensi kuuliza maswali. Hadithi ikikatwakatwa inakufa. Kufikia Jumatano nusu ya darasa wanaijua kwa kichwa. Wapo walimu wanaosema huko ni kukariri. Mimi naona ndipo kusoma kunapoanza, kwa sababu mtoto anajua neno linalokuja na sasa analitafuta kwa macho.

Hapo naleta zoezi ninalolipenda kuliko yote. Natoa sentensi moja kitabuni, tuseme "Mtoto akamkimbiza kuku", naiandika silabi kwa silabi kwenye vipande vya boksi, na watoto 11 wanasimama mbele, kila mmoja na kipande chake: m, to, to, a, ka, m, ki, mbi, za, ku, ku. Waliokaa wanawapanga mpaka sentensi ikae sawa. Zoezi hili ndilo lililonionyesha kasoro ya chati yangu. Ilikuwa na ma, me, mi, mo, mu, lakini "m" inayosimama peke yake haikuwa na mahali, na ndiyo maana watoto walikuwa wakisoma "mutoto". Sasa anayeshika "m" namwambia afunge midomo na kuvuma, asiongeze irabu.

Kisha tunacheza na kitenzi. Mwenye "m" ya katikati anatoka, anaingia mwenye "wa": akawakimbiza. Darasa linapiga kelele, kuku wamekuwa wengi! Anaingia mwenye "ni": akanikimbiza. Wanacheka, maana sasa anayekimbizwa ni mwalimu na kuku inabidi waondoke kwenye mstari. Vitenzi vyetu ni virefu na vinamtisha anayeanza kusoma. Akishaona kwa macho yake kwamba vimeungwa kwa vipande, na kila kipande kina kazi, woga unapungua.

Jambo jingine. Huku Shinyanga wengi wanakuja shuleni na Kisukuma cha nyumbani. Ukitaka kujua kama mtoto ameielewa hadithi, mwache aisimulie kwanza kwa Kisukuma, hata kama wewe hukijui vizuri. Wenzake watakwambia kama amepotoka. Kwa Kiswahili ataisimulia kesho yake, tena kwa ujasiri zaidi.

Ijumaa kila mtoto anatengeneza kitabu chake: karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, ikashonwa kwa sindano na uzi, ikakatwa kingo. Picha na neno moja kila ukurasa vinatosha. Ijumaa iliyopita mmoja ambaye kwa miezi hakuwahi kunyoosha mkono alichora fisi, akachora na mtu anayekimbia, chini yake akaandika "mtu". Akawasomea wenzake wa dawati. Alifunga midomo kwanza, akavuma, ndipo "tu" ikatoka. Kitabu chake nacho kiko kwenye kamba.