Pima kabla lori halijatoka Kigali

Juzi usiku dada mmoja wa Bukoba kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Mapipa yangu ya tantalaiti (koltani, madini ya tantalamu) yana siku 9 bandarini Dar. Wanasema yana mionzi. Kuna kijana ananiambia nitoe kitu kidogo yaishe. Nitoe?"

Usitoe, dada. Nilimjibu hivyo hata marahaba sijaitikia, maana mimi nilitoa. Mwaka 2016 nilitoa, aliyepokea akazima simu, na mzigo ukabaki palepale. Nimekaa na hii habari miaka yote hii kwa aibu. Leo naisema.

Wakati huo nilikuwa wakala mdogo wa forodha, ofisi ya chumba kimoja Kariakoo, kiti cha mgeni kimoja. Nikapata mteja wa Kigali: kontena la futi 20, mapipa 40, mzigo wa kwenda nje. Niliwaza kamisheni tu. Nilishaanza kuulizia bei ya Noah iliyotumika. Ya njiani nayaruka, mnayajua: Rusumo, mizani, Vigwaza, foleni.

Bandarini akaja mama mmoja wa makamo na kipimo mkononi, kadogo kama redio ya mlinzi. Akatembea taratibu ubavuni mwa kontena. Mwanzoni kimya, tiki moja moja. Alipofika katikati kikaanza kulia kama bisi kwenye sufuria. Akasimama, akarudi nyuma hatua tatu, akaenda tena. Bisi zilezile. Kisha akafungua mlango wa lori akapima na kiti cha dereva, jambo ambalo mimi nisingelifikiria mpaka kesho.

Nikapandisha sauti. "Mama, hii ni tantalaiti, siyo bomu!" Hakunijibu. Akaomba karatasi ya vipimo vya madini, ile inayotoka kwenye mashine ya XRF, wengi tunaiita bunduki. Asilimia ya tantalamu ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu, maana ndiyo bei. Yeye akashuka hadi mistari ya chini ambayo sikuwahi kuisoma, ile ya vitu vinavyotoa mionzi: oksidi ya urani asilimia 0.14, oksidi ya thoriamu asilimia 0.03. Akapiga hesabu nyuma ya karatasi yangu mwenyewe, akaniandikia 16, akaizungushia. "Mwanangu, karatasi umekuja nayo wewe," akasema.

Hesabu yenyewe ndiyo hii, na laiti ningeijua siku ile. Asilimia 0.1 ya oksidi ya urani inakupa takribani bekereli 10.5 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) kwa kila gramu ya mzigo. Asilimia 0.1 ya oksidi ya thoriamu inakupa kama 3.6. Unajumlisha, ndiyo unapata ile 16. Kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, zinasema madini ya asili yakivuka bekereli 10 kwa gramu, huo si mzigo wa kawaida tena. Ni daraja la 7, mzigo wa mionzi: namba ya UN 2912, lebo, tamko la msafirishaji, na meli iliyokubali kuubeba. Mimi nilikuwa na bukingi ya mzigo wa kawaida. Meli ikaifuta siku hiyohiyo.

Kontena lilikaa siku 41. Kila siku ikiandikwa kwenye bili. Mteja akaniita mwizi kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wenzetu, watu niliokuwa nawasalimia kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza upande wangu. Baadaye mambo yalipokaa sawa, hakuna aliyerudi kuomba radhi pia. Wapo wanaosoma hapa. Habari zenu.

Lakini niwe mkweli: kosa lilikuwa langu. Mwaka mzima nilimlaumu yule mama, nikasema anataka chai. Hakuomba hata maji. Aliyekula hela yangu ni kijana wa kati, na nilimtafuta mwenyewe.

Sasa kinachowachanganya wengi, na dada wa Bukoba lazima kimemchanganya, ni kwamba namba ziko mbili. Kwa usafirishaji ni 10. Lakini kwa ghala, kiwanda au kambi ya mgodi, kiwango ambacho IAEA wanashauri udhibiti uanze kufikiriwa ni bekereli 1 kwa gramu. Kwa hiyo mzigo wa bekereli 6 unaweza kupita barabarani kama mzigo wa kawaida, halafu ukishushwa kwenye ghala lako mkaguzi ana haki ya kukuuliza umelisajili wapi, na vijana wanaofungua mapipa wanavaa nini usoni. Na hapo kwenye vumbi ndipo pa kuogopa zaidi. Lori lililofungwa vizuri haliui mtu njiani. Ghala lisilopitisha hewa, watu wanachekecha mchanga mweusi bila barakoa, hilo ni jambo lingine.

Halafu kwenye kibali cha mionzi kila jirani ana mlango wake. Hapa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, kwa sheria ya 2003. Uganda wana Baraza la Nishati ya Atomiki, sheria ya 2008. Kenya walivunja bodi yao ya zamani ya kinga ya mionzi wakaunda mamlaka mpya, KNRA, kwa sheria ya 2019. Rwanda kazi hiyo walimpa RURA, mdhibiti huyohuyo wa maji, umeme na simu. Kongo ni kamati yao ya kinga ya mionzi, CNPRI, na karatasi zake zinakuja kwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta mkalimani mapema, usingoje mlinzi wa geti akutafsirie. Forodha tumeiunganisha, Himaya Moja ya Forodha ipo tangu 2014. Kongo wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Lakini kwenye mionzi kila mmoja anataka kupima upya na kutoa kibali chake, kana kwamba urani ikivuka daraja la Rusumo inabadilika uraia. Na si koltani peke yake. Kuna fosfati ya Minjingu kule Manyara, kuna thoriamu ya Kilima cha Mrima kule Kwale. Miamba yetu ndivyo ilivyoumbwa. Wakubwa wa Jumuiya, kaeni mkubaliane kipimo cha maabara moja kiheshimiwe nchi zote. Mnakaa vikao vya nini?

Mpaka wakubaliane, ndugu yangu unayetaka kukua kwenye biashara hii (na najua unataka, ndiyo maana umefika mpaka hapa), pima. Pima kabla ya kununua. Pima tena kabla mapipa hayajafungwa, kwa sampuli ya kila fungu, siyo lile pipa zuri la mbele. Bunduki ikusomee, lakini maabara ikuandikie. Usikubali kuambiwa "cheti cha ICGLR kipo". Kile cha nchi za Maziwa Makuu kinasema madini yametoka mgodi gani, hakisemi yanatoa mionzi kiasi gani. Muuzaji akikukatalia kupima, muache na mzigo wake. Tangu nianze kufanya hivi sijazuiwa hata kontena moja, na walioniita mwizi leo wananipigia kuuliza bei. Wengine nawaambia nina kazi nyingi. Mungu anisamehe.

Vijana, mnapenda njia ya mkato mno. Mnaona kamisheni, hamsomi mistari ya chini. Nilikuwa hivyohivyo, kwa hiyo nina haki ya kuwasema.

Turudi kwa dada. Jana jioni kanitumia picha ya karatasi ya muuzaji. Urani 0.11, thoriamu 0.05. Nimemwomba apige hesabu mwenyewe, kaniletea 13.3, sawasawa. Nimemwambia apeleke sampuli maabara leo asubuhi, aandike barua TAEC kwa jina lake bila mtu wa kati, aanze kutafuta meli inayopokea daraja la 7, na amlipe dereva posho ya zile siku 9. Kasema dereva bado analala ndani ya lori, hapohapo mbele ya kontena. Nikamwambia hilo la dereva alimalize kwanza, leo hiihii.